Paterni za hesabu: niwaache watoto wagundue wenyewe ama niwape tu fomula?

TichaWaIsti
Wadau habari zenu. Nafunza hesabu gredi ya 7 shule moja huku Eastlands, darasa la watoto 64, na nimechoka kuandika fomula ubaoni halafu wiki mbili baadaye hakuna anayeikumbuka. Sasa juzi nikaamua kujaribu hii mambo ya kugundua paterni (ama ruwaza, kama mwalimu wa Kiswahili yuko karibu). Nikaja na njiti za kiberiti, nikawaambia wapange pembetatu kwa mstari zikishikana. Moja inakula njiti 3, mbili zinakula 5, tatu zinakula 7. Swali: pembetatu 50 zitakula ngapi?

Kelele ya siku hiyo acha tu, deputi alipita kwa dirisha mara mbili. Wengi walichora jedwali wakawa wanaongeza 2, 2, 2 mpaka ukurasa ukaisha. Msichana mmoja alikuwa amenyamaza akasema 101, ati kuna njiti moja ya kuanzia halafu kila pembetatu inaongeza mbili. Kijana wa nyuma naye akapata 101 kwa njia ingine kabisa: 50 mara 3 ni 150, toa zile 49 za pale zinaposhikana, kwa sababu tumezihesabu mara mbili. Nilifurahi mpaka sikusikia kengele. Lakini nikisema ukweli hao walioona kitu walikuwa kama sita, wengine wote walinakili. Niendelee ama nirudi kwa 2n + 1 yangu (n ni idadi ya pembetatu) nimalize silabasi?

ChakiMfukoni
Madam shida ni hilo jedwali. Mtoto akishaanza kujaza jedwali macho yanaacha picha yanafuata namba, anaona "ongeza 2" na si uongo, lakini haitamfikisha 50 leo. Mimi nauliza ya 10, halafu naruka moja kwa moja mpaka 1,000, hapo njiti hazitoshi na karatasi haitoshi lazima mtu afikirie. Na swali langu ni moja tu, hiyo 2 iko wapi kwa picha, nionyeshe na kidole.

Jaribu pia vifuniko vya soda, kwa kioski watakupa bure. Waambie wajumlishe namba witiri kwa mfuatano, 1, halafu 1+3, halafu 1+3+5. Watapata 1, 4, 9, na wakiendelea 16, 25, kila saa mraba. Sasa usieleze! Weka kifuniko kimoja chini, zungushia vitatu kwa pembe, halafu vitano, vile mtu anaongeza ukuta pande mbili, wataona wenyewe mbona. Na hao wawili wa 101 ungewaita mbele wabishane, coz 1 + 2n na 3n − (n − 1) ni kitu kimoja, na hiyo tayari ni aljebra bila wao kujua wameingia.

BabaTuisheni
Wacha mimi nikuwe yule mtu mbaya. Nafunza tuisheni vijana wa fom foo na wanakuja wakiwa wamezoea kukisia, wakiona namba nne zinafuatana wanaapa wamejua ya mia. Wape hii: chora duara, weka pointi mbili ukingoni, unganisha kwa mstari, umepata vipande 2. Pointi tatu, unganisha zote, vipande 4. Nne ni 8, tano ni 16. Uliza sita. Darasa lote litaimba 32. Jibu ni 31, wahesabu na mikono yao. Paterni si ushahidi jamani, ni fununu.

Na hao wengine wasioona kitu pia ni watoto wa watu. Wakishahangaika dakika 15 waambie, hakuna dhambi hapo.

FundiTaili_254
Mimi si mwalimu niko kwa site lakini hii imenigusa, hesabu shuleni ilinishinda alafu maisha ikanirudisha hapo hapo. Ushawahi kujiuliza mbona hujawahi kuona sakafu ya taili za pembe tano sawa? Kata tu boksi la katoni ujaribu. Kona moja ya hiyo shepu ni digrii 108, ukileta tatu pamoja unapata 324, inabaki mwanya wa 36 na ya nne haingii. Pembesita kona ni 120, tatu ni 360 kamili, ndio maana ziko kwa kabro na nyuki pia alijua. Pembetatu zinaingia sita, mraba nne. Kama unataka shepu moja yenye pande na pembe zote sawa ni hizo tatu pekee zitafunika sakafu. Watoto wapewe makasi na katoni, hakuna haja ya kununua kitu.

TichaWaIsti
Nimerudi na ripoti. Duara la BabaTuisheni nimelifanya leo na karibu lizue vita. Wote walisema 32, wakahesabu, nusu wakapata 31 na nusu wakapata 30! Nikajua nimeaibika, nikahesabu mwenyewe kwa daftari mbili na kweli moja ilikuwa 30 na ingine 31. Tukakwama hapo muda mrefu, hata mimi sikuwa na jibu. Ni mtoto mmoja ambaye huwa haongei, na hakuwa kati ya wale sita, ndiye alisema wale wa 30 wamepanga pointi zao zikiwa na nafasi sawa, kwa hivyo mistari mitatu inakutana katikati pahali pamoja, na wa 31 mistari yao haikukutana, imeacha kapembetatu kadogo pale kati. Deputi alikuwa mlangoni wakati huo. Aliingia akakaa dawati la nyuma.

BabaTuisheni
Haha hiyo ya 30 nilisahau kukuambia, pole madam. Kesho wape pointi saba, mistari mitatu isikutane pahali pamoja. Ni 57, lakini usiwaambie.