Nifundishe muziki shuleni au nihamie loji na zeze langu?

MpigaZeze_Rau: Habari za humu wakuu. Nafundisha muziki shule moja ya binafsi hapa Moshi, wikiendi napiga zeze na marimba ya mkono, ile ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, mahotelini, mara Marangu mara Arusha. Sasa kuna loji upande wa Usa River wanataka nipige kila jioni wageni wakila, kuanzia Juni mpaka Oktoba, na hela yao ya jioni mbili inapita ya darasani wiki nzima. Shuleni nimeambiwa nikiondoka katikati ya muhula nisirudi. Nina mke na kachanga ndani. Moyo uko kwenye zeze ila mwenye nyumba hajui mambo ya moyo. Wenye uzoefu mnaishije?

BabuMarimba: Mdogo wangu usikurupuke. Juni mpaka Oktoba ni msimu, hata asiyejua kupiga anapata kazi. Mi nauliza Aprili na Mei, masika imeshika, loji nyingine zinafunga kabisa zinapaka rangi, na mwanamuziki ndo wa kwanza kuambiwa "tutakupigia". Miaka yote mimi mwezi wa nne nakula hela ya wanafunzi wa nyumbani, watoto wa Njiro na wageni wanaofanya kazi hapa mjini, wanalipa mwezi mbele, mvua inyeshe isinyeshe.

Halafu andikishana nao. Unaanza saa ngapi unamaliza saa ngapi, nauli ya nani, unakula wapi, unalala wapi maana usiku ule kurudi Moshi utakesha barabarani na kibuyu chako, na wakighairi siku hiyohiyo wanakulipa nusu. Kuna sehemu sitaitaja nilishafika, nimeshakaza nyuzi, wageni wakachelewa kutoka Tarangire, nikapewa soda.

DadaNgoma_Sakina: 😂😂 soda baridi lakini?

BabuMarimba: Ya moto.

Kibo_Boy: Cheti mkuu. Chuo kikuu cha Makumira kiko hukohuko Usa River na wanatoa digrii ya muziki, usipoweza nenda TaSUBa, chuo cha sanaa Bagamoyo. Mkaguzi akija shule anauliza cheti, hasikilizi zeze.

DadaNgoma_Sakina: Cheti sawa, ila marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa zeze na marimba, alifundishwa na baba yake na bado akafundisha hapohapo Bagamoyo na dunia akaizunguka.

Kibo_Boy: Alikuwa ameajiriwa pale dada. Mshahara ulikuwepo, ndo ninachosema.

DadaNgoma_Sakina: Haya hapo umenishika. Lakini Mpiga Zeze, hao watoto usiwaache, na kama unawafundisha kwa kinanda peke yake unajipunja. Tengeneza marimba za mkono kadhaa, misumari ukiiponda vizuri inatoa vyuma safi tu, afu zote zifuate sauti ya moja, ile unayoiamini. Chuma ukikisogeza mbele kikawa kirefu sauti inashuka, ukikirudisha inapanda, kikigoma kushuka bandika nta kidogo chini ya ncha. Hii kazi fanya mwenyewe usiku kabla ya kipindi maana ukiwaachia watoto wanavisukuma tu, na zikipishana hata kidogo wakipiga ishirini kwa pamoja utatamani kengele ilie. Ila zikikaa sawa, siku ya mahafali mzazi akimwona mwanae anapiga anaimba hapohapo, kesho yake anakuja kuuliza Jumamosi unafundisha bei gani. Mimi wanafunzi wangu karibu wote nimewapata hivyo, tangazo la Facebook liliniletea wauza vocha tu.

Na uwe umejisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, usije ukasumbuliwa.

MpigaZeze_Rau: Asanteni sana, nimeongea nao. Loji wamekubali Alhamisi mpaka Jumapili na kulala ni juu yao. Shule nimeomba vipindi vyangu vyote viwe Jumatatu mpaka Jumatano, mkuu wa shule amenung'unika ila kasaini. Ngumu imekuwa hapo kwenye kughairi, nusu wamekataa wanasema robo. BabuMarimba shikamoo, robo nichukue?

BabuMarimba: Marahaba. Chukua, ila nauli iwe pembeni isihesabiwe humo kwenye robo. Na waambie hiyo robo unapewa siku hiyohiyo mkononi, sio mwisho wa mwezi.

Kibo_Boy: Na soda juu.

MpigaZeze_Rau: 😂 Nawapigia sasa hivi.