Naomba ushauri: msimbo sahihi wa damu iliyovujia ndani ya jicho

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninashughulikia madai ya bima katika hospitali moja ya mkoa, na ninaomba msaada wa wenye uzoefu wa ICD-10, yaani orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Mama mmoja mwenye kisukari cha aina ya pili alifika kliniki akieleza kwamba anaona nyuzi nyeusi zikielea mbele ya jicho la kushoto, kisha ukungu mwekundu. Kwenye faili yaliandikwa maneno manne tu: "damu ndani ya jicho". Maneno hayo yanaweza kunipeleka H21.0 ikiwa damu imetuama mbele ya mboni, H35.6 ikiwa iko kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), au H43.1 ikiwa imevujia kwenye ute ulio nyuma ya lenzi. Daktari alipothibitisha kuwa ni kwenye ute, niliweka H43.1 peke yake, na ombi la kibali cha matibabu likarudishwa kwa maelezo kwamba chanzo hakionekani.

Je, nianze na E11.3 (kisukari cha aina ya pili chenye madhara ya macho) kama ugonjwa wa msingi, nifuatishe H36.0 ya retina iliyoathiriwa na kisukari, kisha nibakize H43.1, au nafasi yake ichukuliwe na H45.0 yenye alama ya nyota, yaani damu kwenye ute inayotokana na ugonjwa mwingine? Tena, toleo la Marekani lina H43.12 kwa jicho la kushoto, lakini letu la WHO halitenganishi pande; ninyi upande mnauandika wapi?

Naomba majibu mapema, kwa sababu mama huyu bado anasubiri kibali na jicho halioni vizuri.