Mafundi na wauzaji, acheni kutuambia kwamba gari lina volti 12: mnatuunguzia vifaa, na mtatuunguzia magari

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha, kwa sababu jambo ninalolilalamikia limegeuka mazoea kiasi kwamba anayelifanya haoni tena kuwa ni kosa. Ninazungumzia namna vifaa vidogo vya elektroniki, yaani chaja za USB, kamera za dashibodi, vifaa vya kufuatilia gari, taa za ziada za LED na hata saketi ambazo vijana wetu wanaziunda wenyewe kwa Arduino na ESP32 (bodi ndogo za kompyuta za kujiundia vifaa), vinavyofungwa kwenye magari yetu bila fyuzi, bila kinga ya aina yoyote, na bila fundi kujiuliza waya anaouchuna unatoka wapi na unabeba nini.

Juzi nilifungua kava la chini ya usukani kwenye Noah ya shemeji yangu, ambaye alikuwa analalamika kwamba anasikia harufu ya plastiki inayoungua kila anapoendesha usiku. Waya mwekundu mwembamba, wa aina ile ya kuunganishia spika za redio, ulikuwa umezungushwa kwa mkono kwenye waya mnene unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, kisha ukafunikwa kwa tepu nyeusi ambayo gundi yake ilikuwa imelainika kwa joto hadi tepu ikateleza. Shaba ilikuwa wazi, karibu kabisa na bano la chuma linaloshikilia dashibodi, na ganda la waya mwembamba lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia pale pale kwenye kiungo. Kiungo hicho kimoja kilikuwa kinalisha taa za ziada pamoja na kifaa cha kufuatilia gari. Waya hasi ulikuwa umebanwa kwa skrubu juu ya bati lenye rangi ambayo hakuna aliyejali kuikwangua. Fyuzi haikuwepo. Fundi alipopigiwa simu alijibu kwa utulivu kwamba vifaa hivyo vinakula umeme kidogo, kwa hiyo havihitaji fyuzi.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu nimeshalisikia kwa mafundi wengi na ni la hatari. Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya kifaa, inawekwa kwa ajili ya waya. Kifaa kinaweza kuwa kinakula nusu ampea tu, lakini siku ganda la waya litakapochubuka na shaba ikagusa bodi, kiasi cha umeme kitakachopita hakitaamuliwa tena na kifaa bali na betri, na betri ya kawaida ya gari dogo, hata ile ya ampea-saa 45, inaweza kutoa mamia ya ampea kwenye shoti. Waya mwembamba hauhimili hata sehemu ndogo ya hizo: unakuwa mwekundu ndani ya sekunde chache, ganda linawaka, na jirani zake ni sponji ya kiti, zulia na nyaya nyingine zilizofungwa pamoja nao. Ndiyo maana fyuzi inapaswa kuwa karibu kabisa na chanzo cha umeme, ndani ya sentimita 20 hivi kutoka kwenye betri kama waya unaanzia hapo, wala si mwisho wa waya karibu na kifaa, kwa kuwa kipande chote kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Kwa kifaa kinachokula ampea moja, fyuzi ya ampea 2 au 3 inatosha. Na wale wanaozungusha waya wa shaba kwenye fyuzi iliyoungua ili gari litembee, wajue kwamba wameondoa kitu pekee kilichokuwa kinamzuia mteja wao asiungue.

Nije kwenye hili la volti 12, ambalo wauzaji wamelikariri kama wimbo. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, ina volti takriban 12.6. Injini ikiwaka, alteneta, yaani jenereta ya gari inayochaji betri, inapandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4, na baadhi ya magari huvuka kidogo hapo. Ukipiga stata, volti zinaporomoka hadi 9, na betri ikiwa imechoka zinaweza kushuka hadi 6 kwa muda mfupi. Kwenye lori na basi lenye betri mbili za mfululizo, zidisha kila kitu kwa mbili, maana mfumo ule ukiwa unachaji hufika volti 28 hivi. Hizo ndizo hali za kawaida za kila siku, na hata hizo tu zinatosha kuua baadhi ya vifaa tunavyouziwa. Nimefungua chaja nyingi zilizokufa na kukuta kapasita ya kuingizia umeme, yaani kile kikopo kidogo kinachohifadhi na kutuliza umeme, imeandikwa volti 16, yaani imeachiwa nafasi ya volti moja na nusu tu juu ya umeme wa kawaida wa alteneta, halafu inakaa ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam. Kapasita ya namna hiyo inavimba mapema, na aliyeinunua kwa wingi ili aweke kwenye chaja hizo alilijua hilo.

Hali isiyo ya kawaida ndiyo mbaya zaidi, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Alteneta inapokuwa inachaji kwa nguvu, betri ndiyo inayomeza umeme huo na kuzituliza volti. Betri ikikatika ghafla katika hali hiyo, mkondo ulio kwenye koili ya sumaku ya alteneta hauwezi kutoweka papo hapo, hivyo alteneta inaendelea kusukuma umeme ambao hauna tena mahali pa kwenda, na volti zinapaa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2, ambacho watengenezaji wa magari hukitumia kupimia vifaa, kinachukulia kwamba kwenye mfumo wa volti 12 mruko huo unaweza kufika kati ya volti 79 na 101 na kudumu milisekunde 40 hadi 400. Kwenye mfumo wa volti 24 unaweza kuvuka 150. Ni kweli kwamba alteneta nyingi za kisasa zina dayodi za ndani zinazouzuia mruko huo usizidi volti 35 hivi. Lakini gari lililotumika, ambalo alteneta yake imeshafunguliwa na kusukwa upya kwa vipuri vya kuokoteza, nani anaweza kukuhakikishia kwamba dayodi zilizomo ni zile za mwanzo?

Sasa betri inakatika vipi injini ikiwa inawaka? Inaweza kukatika kwa sababu ya kichwa cha betri kilicholegea au kilichooza kwa ule unga mweupe na wa kijani tunaoujua sote. Ila sababu inayoniudhi kuliko zote ni fundi mwenyewe. Kila mtu humu ameshamwona fundi akichomoa terminali ya betri huku injini inawaka, eti anapima kama alteneta inachaji. Injini isipozima, anatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema alteneta ni nzima. Kipimo hicho kiliwezekana kwenye magari ya zamani ambayo hayakuwa na kompyuta hata moja. Leo anapofanya hivyo anaipiga kompyuta ya injini, redio, kifaa cha kufuatilia gari na chaja ya simu yako kwa mruko huo huo nilioueleza, na kifaa kikifa wiki inayofuata anakwambia ulinunua feki. Mita ya kupimia volti inapatikana kila duka la vifaa vya umeme: unaigusisha kwenye betri injini ikiwaka, unasoma kama zimepanda hadi 14, na kazi imekwisha bila kugusa terminali yoyote. Kosa la aina hiyo hiyo ni kubusti gari dogo kwa kutumia lori la volti 24 kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, au kuchomelea bodi kwa mashine ya umeme bila kutoa terminali za betri kwanza.

Wauzaji nao wasijifiche nyuma ya mafundi. Ukiingia Kariakoo ukaulizia kitu cha kushusha volti za gari hadi 5, utapewa moduli ndogo, yaani saketi iliyokwisha kuundwa, na kuambiwa inafaa kwa gari, bila mtu yeyote kukutajia kikomo chake. Vikomo hivyo vimeandikwa na watengenezaji na havina siri. Chipu ya MP1584 mwisho wake wa kufanyia kazi ni volti 28. MP2307, iliyo kwenye moduli zile ndogo kama ukucha, ni 23. LM2596 ni 40, na hiyo ni kama ni halisi, maana sokoni zimejaa za kuiga ambazo hazifiki hata kasi ya kilohezi 150 inayotakiwa ya kuwasha na kukata umeme. Vijana wanaotumia 7805, chipu ya zamani ya kushusha volti hadi 5, wanaambiwa kwamba inapokea hadi volti 35, na ni kweli, lakini hakuna anayewaeleza habari ya joto: ukivuta nusu ampea wakati alteneta inatoa 14.4, chipu hiyo inageuza wati 4.7 kuwa joto tupu, na bila bati la kupozea itajizima yenyewe au itaungua. Kuuza moduli ya volti 23 kama kifaa cha gari, huku muuzaji akijua kwamba kuna wateja watakaoifunga kwenye lori, ni kumwibia mteja mchana kweupe.

Kinga yenyewe si elimu ya kwenda kutafuta ng'ambo. Baada ya fyuzi unaweka dayodi ya mfululizo, yaani kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya chanya, ili mtu akikosea chanya na hasi kifaa kisife. Kisha unaweka dayodi ya TVS kati ya chanya na hasi, ambayo inakaa kimya kwenye volti za kawaida na kuanza kumeza umeme mruko unapotokea. Kwenye gari la volti 12, yenye kiwango cha kusubiri (volti ambazo hadi hapo inakaa kimya) cha volti 24 hukata mruko kwenye 39 hivi, kwa hiyo kibadilisha volti kinachofuata kiwe kinahimili zaidi ya hapo, na zile za volti 60 zipo. Kapasita ziwe za volti 50. Wanaounda saketi wenyewe wazingatie pia kwamba dayodi ndogo za wati 600 zimepimwa kwa mruko wa takriban milisekunde moja, kwa hiyo zinasaidia dhidi ya mateke ya relei (swichi za sumaku), honi na mota ya waipa, lakini mruko kamili wa alteneta unataka zile kubwa kama familia ya SM8S.

Kuna pia suala la kunyonya betri, ambalo nitaligusa kwa ufupi. Kifaa kilichofungwa moja kwa moja kwenye betri na kinachokula miliampea 200 kinamaliza ampea-saa 4.8 kwa siku. Liache gari wiki moja, zimekwenda 33.6, na betri ya 45 haitawasha injini. Kisichohitaji kufanya kazi gari likiwa limezimwa kichukue umeme unaokatika pamoja na ufunguo, na kinachohitaji kiwe na kikata umeme volti zinaposhuka. Na nyaya zilizo ndani ya kava la njano ni za mifuko ya hewa ya usalama: fundi yeyote anayezichuna kutafuta umeme wa chaja anyang'anywe koleo.

Najua kuna watakaojibu kwamba mteja ndiye anayetaka bei ya chini. Sikubaliani nao hata kidogo. Mteja hajui kwamba kuna fyuzi iliyorukwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye akielezwa kwamba kipande hicho kidogo ndicho kinachozuia waya kuwaka chini ya miguu yake atakataa kukilipia. Fyuzi na kishikio chake ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa kwenye duka la umeme wa magari. Shemeji yangu hakuombwa kuchagua, alipewa gari na kuambiwa kazi imekamilika.

Kwa hiyo ninawataka wauzaji mliomo humu jukwaani, ambao kila siku mnaweka matangazo ya vifaa vya magari, muandike chini ya uzi huu kikomo cha volti cha kila moduli mnayoiuza na kiasi cha umeme inachokula ikiwa imepumzika. Mafundi nanyi wekeni picha za kazi zenu mlizofunga karibuni, kava likiwa wazi, na fyuzi ionekane.