Unga wa giloi na mgonjwa wa baridi yabisi

Mpwa, Moshi
Habari zenu. Shangazi yangu wa Kiborloni ana baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe, na hutumia methotreksati mara moja kwa wiki. Jirani amemletea kutoka Arusha unga wa giloi, mmea wa tiba ya Ayurveda ya India, akidai kwamba watafiti wamethibitisha kuwa unaongeza kinga. Je, wamethibitisha nini hasa, na anaweza kuuchanganya na dawa zake?

Mfamasia, Arusha
Utafiti upo, na si wa kubeza. Shina la giloi (Tinospora cordifolia) lina sukari za mnyororo mrefu ambazo, katika maabara, huziamsha makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu. Lakini seli za kwenye kisahani si shangazi yako. Majaribio mengi ya mimea ya Ayurveda kwa binadamu ni madogo: lile la tulsi, mmea mwingine wa tiba hiyo na ndugu wa kivumbasi chetu, lililochapishwa mwaka 2011, lilihusu watu 24 wenye afya kwa wiki 4. Baadhi ya seli za kinga ziliongezeka katika damu yao, jambo ambalo peke yake halionyeshi kwamba mtu ataugua mara chache zaidi.

Kwa shangazi yako kuna kubwa kuliko hilo. Methotreksati amepewa ili kinga yake itulizwe. Jirani anataka iamshwe.

Mzee wa Majengo
Wahindi wametumia mimea hii tangu enzi za mababu zao, kama sisi na mwarobaini. Mngekuwa na subira kidogo kabla ya kuilaani.

Muuguzi, Moshi
Shikamoo mzee. Hakuna anayeilaani, ila matumizi ya muda mrefu hayafichui kila dhara, hasa linalojitokeza polepole na kwa wachache. Mwaka 2021 madaktari wa Mumbai walieleza habari za wagonjwa 6 walioumia ini baada ya kutumia giloi wakati wa Uviko-19, na dalili zao zilifanana na za ini linaloshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Wizara ya tiba asili ya India ilipinga, ikisema huenda ulitumika mmea mwingine wa jamii hiyo. Hoja hiyo ina uzito, lakini mnunuzi wa unga uliokwisha kusagwa atautofautishaje? Na methotreksati yenyewe huweza kudhuru ini, ndiyo maana shangazi hupimwa damu mara kwa mara.

Mpwa, Moshi
Nawashukuru. Ameshaanza kuutumia. Tufanyeje?

Mfamasia, Arusha
Aache unga, asiache methotreksati. Aende kliniki yake na pakiti yenyewe, aombe kipimo cha ini, na asisubiri tarehe ya miadi akiona macho yamekuwa ya manjano au mkojo umekuwa mweusi. Amweleze daktari pia ni lini alianza na kiasi alichokuwa akinywa. Wagonjwa wengi hulificha hilo kwa kuogopa kukaripiwa.