Admirali Togo alikuwa fundi kweli au alibebwa na bahati?

Mzee wa Ngalawa: Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni tumebishana mpaka chai ikapoa, mimi nasema Togo Heihachiro wa Japani (sio nchi ya Togo jamani) ni moto wa kuotea mbali kwenye vita vya majini, jamaa yangu anasema hamna kitu, kwenye vita ya Urusi na Japani Warusi walifika Tsushima (mlango wa bahari kati ya Japani na Korea) 1905 wamechoka hoi, hata dereva wa boda angewapiga. Wajuvi mje.

Nahodha Mstaafu: Jamaa ako ana nusu ya ukweli. Warusi walitoka bahari ya Baltiki huko Ulaya Oktoba 1904, zile manowari kubwa zikazunguka Afrika nzima, halafu wakaganda Nosy Be hapo Madagaska miezi miwili na ushee, joto, magonjwa, meli zinaota mwani, na wakiwa hukohuko Madagaska ndo wanasikia Port Arthur, kambi ya meli za Urusi huko China iliyozingirwa na Wajapani, imeanguka. Yaani walikokuwa wanapeleka msaada hakuna tena wa kusaidiwa na safari bado ndefu.

binti_pwani: Huyu si ndo yule wa Pearl Harbor, aliyewashambulia Wamarekani 1941?

Nahodha Mstaafu: Hapana dada, huyo ni Yamamoto Isoroku. Mwaka 1905 alikuwa kijana tu kwenye meli ya Nisshin, akapoteza vidole viwili hapohapo Tsushima.

Kobe Mpole: Sawa walichoka, ila mkuu uchovu peke yake haukupi matokeo yale. Togo miezi ya mwisho kabla ya pambano alikuwa Korea anafundisha vijana wake kulenga mizinga kila siku. Tarehe 27 Mei akiwa kwenye meli yake Mikasa akageuza msafara wake mbele ya macho ya Warusi, meli moja moja zinakata kona palepale, na Mikasa inakula makombora. Ilikuwa kamari, maana mizinga yake mingi haikuweza kujibu mpaka kona iishe. Ilipoisha akawa amewakatia njia, ubavu mzima wa mizinga unaangalia vichwa vya meli zao. Warusi walikufa zaidi ya 4,000, Wajapani 117, na walichopoteza ni boti tatu za topido. Baadae akaenda hospitali Sasebo huko Japani kumjulia hali Rozhestvensky, admirali aliyempiga. Hapo ndo nilimpenda.

Mwl. Historia: Niongezee kidogo. Togo kazaliwa Kagoshima, Japani, 1848, ana miaka 15 tu Waingereza wanaupiga mji wao mizinga na yeye yuko upande wa kujibu, halafu 1871 anaenda kusoma ubaharia hukohuko Uingereza mpaka 1878. Na hiyo bahati mnayobishania, 1903 waziri wa jeshi la majini alimtoa kwenye kambi ya pembeni huko Maizuru akampa meli zote, mfalme akauliza kwa nini huyu, akajibiwa ni mtu mwenye bahati.

Mzee wa Ngalawa: Duh, kumbe bahati ilikuwa kwenye CV kabisa. Huyu jamaa nisimuoneshe hii, chai ya kesho nitalipa mimi.