Tupeane uzoefu: programu za simu za ratiba ya TV, zimekusaidia au zimekukosesha mechi?

Mkwe wa Mutukula (mwenye uzi)

Wakuu, habari za huko mliko. Naomba tupeane uzoefu wa hizi programu za simu zinazoonyesha ratiba ya vipindi vya televisheni. Naanza na yangu.

Tarehe 27 Desemba 2025 nilikuwa ukweni Mutukula. Mnaujua mji ule, mpaka wa Uganda na Tanzania umepita katikati. Mke wangu ni wa upande wa Tanzania, mimi ni wa Masaka, na siku hiyo Cranes ya Uganda na Taifa Stars ya Tanzania walikuwa wanakutana Rabat, Morocco, kwenye AFCON. Mbuzi alishachinjwa, mashemeji walishafika na jezi zao, na umeme ulikatika tangu mchana. Tukanunua petroli ya jenereta, ya kutosha mechi moja na ziada kidogo. Kazi ya kuangalia saa nilipewa mimi kwa sababu nina simu nzuri. Nikafungua programu, ikaandika 18:30. Saa kumi na mbili na robo jioni jenereta ikawaka.

Tukakuta Senegal na Kongo wanacheza. Tukadhani mechi yetu iko chaneli nyingine, tukazunguka chaneli zote. Kumbe 18:30 ile ilikuwa saa ya Morocco, kwetu ni saa mbili na nusu usiku. Nikasema tuzime jenereta, lakini nyumba imejaa wageni, watoto wameshakaa chini, mechi ya Kongo imeshawanogea. Utamzimia nani? Petroli ikaenda.

Kipindi cha pili Msuva akafunga penalti, mashemeji wakaruka. Kama dakika kumi baadaye jenereta ikakohoa, ikazima. Tulimalizia kwa redio ya simu, mmoja ameshika waya wa masikioni juu ili ushike mawimbi. Bao la kusawazisha la Ikpeazu, dakika ya 80, nililisikia tu, sikuliona. Baba mkwe alikuwa amevaa kofia yake nzuri tangu adhuhuri akisubiri mechi hiyo. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alisema "usiku mwema, mwanangu" akaingia ndani. Hilo ndilo limeniuma mpaka leo.

Nyie mnatumiaje hizi programu? Kuna njia ya kuziamini?

Fundi Dishi, Arua

Pole sana ndugu. Nafunga madishi na antena tangu kabla hatujahama analojia mwaka 2015, na swali hili naulizwa kila wiki. Niseme jambo moja ambalo wateja wengi hawalijui: ratiba unayoiona inatoka sehemu mbili tofauti.

Ya kwanza ni ile ya king'amuzi chenyewe, ukibonyeza kitufe cha mwongozo au cha taarifa kwenye rimoti. Ile inasafiri pamoja na mawimbi ya picha. Kituo kinatuma picha, sauti, na ndani yake kimejaza data ya kipindi kinachoendelea na kinachofuata, wengine mpaka siku kadhaa mbele. Haihitaji bando. Ya pili ni ya simu, inayovutwa kutoka kwenye seva kwa intaneti, na seva hiyo inaweza kuwa popote duniani.

Tofauti hii niliishika vizuri Januari 2021. Mtakumbuka intaneti ilizimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi. Tarehe 16 CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ikafunguliwa Kamerun, na Cranes walikuwa wamefuzu. Simu yangu siku hiyo haikuwa na kitu, ukurasa mweupe. Majirani wakawa wanaulizana mechi ni lini. Nikawasha king'amuzi, nikabonyeza mwongozo, ratiba ikaja yote kama kawaida, saa zimekaa kwa saa za kwetu. Nikaiandika kwenye karatasi nikabandika mlangoni pa kibanda changu cha kazi. Watu walisimama kuisoma kama tangazo la msiba.

Kwa hiyo ushauri wangu: simu ni ya kupanga wiki, king'amuzi ni cha kuhakikisha siku yenyewe. Vikitofautiana, amini king'amuzi.

Mwenye Kibanda, Busia

Mimi naishi kwa hizi ratiba, si starehe kwangu. Nina kibanda cha mpira karibu na stendi ya malori. Nje kuna ubao mweusi, kila Ijumaa naandika kwa chaki mechi za wikendi na saa zake. Wateja wangu ni madereva na matanboi wao wa malori, Wakenya, Waganda, Wakongo, wote wanapanga safari zao kwa ubao ule. Ukikosea saa moja umewapoteza.

Kwanza, Uingereza wanabadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatubadilishi. Mechi yao ya saa tisa alasiri Jumamosi, msimu unapoanza Agosti kwetu ni saa kumi na moja jioni. Ikishapita ile Jumapili ya Oktoba inakuwa saa kumi na mbili. Hilo nalijua kwa moyo, programu ikibadilika sishtuki.

Kilichonitesa ni kingine. Mwaka juzi nilinunua simu iliyokwishatumika, imetoka Dubai. Saa yake ilikuwa imetangulia kwa saa moja, nikairudisha kwa mkono, ikasoma sawasawa na saa ya ukutani. Nikaona imekwisha. Nikapakua programu ya ratiba, nikaanza kuandika ubao. Jumamosi ya kwanza nimeandika saa kumi na mbili, mechi ikaanza saa kumi na moja. Watu wanafika wananikuta dakika ya sitini. Wengine walishakwenda kwa jirani. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Nikailaani programu, nikaifuta, nikapakua nyingine. Nayo ikasema yaleyale!

Kijana mmoja wa M-Pesa upande wa Kenya ndiye aliyenifungua macho. Akaingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa akanionyesha: nimerudisha mishale tu, lakini kanda ya saa bado ni ya Dubai. Programu haiangalii saa unayoisoma wewe kwenye skrini. Inapokea saa ya dunia, halafu inaongeza kulingana na kanda iliyoandikwa kwenye simu. Dubai ni saa nne mbele ya saa ya dunia, sisi ni tatu. Akaweka Kampala, ratiba yote ikarudi nyuma saa moja pale pale mbele ya macho yangu.

Wateja wawili wa siku zote sijawaona tena mpaka leo. Kwa hiyo ndugu Mkwe, kabla hujailaumu programu, angalia kanda ya saa. Ile alama ya kuweka saa yenyewe kutoka kwenye mtandao, iwashe na usiiguse tena.

Mkwe wa Mutukula (mwenye uzi)

Nimeangalia sasa hivi. Kanda yangu ni Nairobi, iko sawa. Ina maana programu yenyewe ilikuwa imenakili saa ya uwanjani bila kuigeuza?

Fundi Dishi, Arua

Ndiyo, zipo za namna hiyo, hasa zile zinazokusanya ratiba za mashindano badala ya ratiba za chaneli. Na zipo za chaneli zinazotumia saa za Afrika Kusini, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa moja. Dawa yake ni moja. Chukua kipindi unachokijua kwa hakika, kwa mfano taarifa ya habari ya usiku ya kituo unachokitazama kila siku. Kitafute kwenye programu mpya. Kikikaa mahali pake, endelea. Kikiwa kimesogea, umeshajua kimesogea kwa saa ngapi.

Afande Mstaafu, Bombo

Vijana, nawasalimu. Mimi nilianza kutazama televisheni enzi za UTV, televisheni ya taifa ya Uganda, kituo kimoja, ratiba kichwani. Baadaye magazeti yakawa na ukurasa wa vipindi, tunakata tunabandika bwaloni kambini. Sasa mjukuu ameniwekea hiyo programu.

Shida yangu haikuwa kanda. Shida ilikuwa kusoma namba. Inaandika 19:00, mimi kichwani nina saa moja usiku. Jeshini tulitumia namba hizo kwa amri na ripoti, lakini nyumbani ukizungumza na mama watoto huwezi kumwambia tamthilia yako ni "kumi na tisa kamili". Tukawa tunakosa mwanzo wa vipindi. Mjukuu alipoiweka kwenye mfumo wa saa kumi na mbili ikawa mbaya zaidi, maana ikaandika 7:00 na mama akaelewa saa saba. Akakaa mbele ya TV saa saba mchana.

Tumerudi kwenye namba ndefu. Nimemfundisha mama kutoa kumi na mbili halafu kutoa sita, na kwa jioni yote tumeandika kwenye kadibodi pembeni ya TV: 18:00 saa kumi na mbili, 19:00 saa moja, 20:00 saa mbili, 21:00 saa tatu. Anasoma simu, anaangalia kadibodi, anakaa kwa wakati. Wanaotengeneza programu hizi wangetuwekea saa za Kiswahili. Waganda nao kwa Luganda wanahesabu vilevile, na Wakenya, na Watanzania. Sisi si wachache.

Dada wa Nakivale

Shikamoo Afande. Hapo kwenye saa za Kiswahili umesema kweli.

Mimi sina TV. Hapa kwenye kambi ya wakimbizi tunatazama kwenye ukumbi wa jirani mwenye sola, ni mwendo kutoka kwangu, na usiku sipendi kutembea bure na mtoto. Jumatatu nikipata bando dogo nafungua ratiba, napiga picha ya skrini siku zote saba, nazima data. Wiki nzima nasoma picha. Ikibadilika katikati ya wiki basi, lakini mara nyingi nafika kipindi kikiwa kinaanza.

Mpenda Riadha, Kapchorwa

Kwetu si mpira, ni mbio. Na hapa programu hizi ziko nyuma sana.

Paris 2024, fainali ya mita 10,000 wanaume, tarehe 2 Agosti. Kila mtu Sebei alikuwa anaijua siku. Saa? Nikafungua programu ya ratiba, nikakuta mstari mmoja mrefu: "Olimpiki: Riadha", umetanda jioni nzima mpaka usiku. Ndani ya mstari huo kuna kuruka, kurusha, mchujo wa hiki na kile. Mbio yetu haitajwi. Ratiba ya chaneli inakuambia kamera itakuwa uwanjani, haikuambii Cheptegei anasimama mstarini saa ngapi.

Nikaitafuta ratiba ya Olimpiki yenyewe: 21:20 saa za Paris. Paris wakati wa kiangazi wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa nne na dakika ishirini usiku. Nikaweka kikumbusho kwenye programu ya TV, nikalala kidogo maana nilitoka shamba alfajiri. Kikumbusho hakikulia. Aliyeniamsha ni mama yangu, alikuwa amekaa macho na saa ya mkononi. Nilifika sebuleni zikiwa zimebaki mizunguko mingi bado, nashukuru Mungu. Nikamwona Cheptegei akivunja rekodi ya Olimpiki, 26:43.14, kijiji kizima kikapiga kelele gizani, mbwa wakabweka mpaka chini bondeni.

Kesho yake nikachunguza kwa nini simu ilinyamaza. Ile sehemu ya kuokoa betri ilikuwa imeilaza programu kwa sababu sikuifungua kwa saa kadhaa. Sasa kwa jambo kubwa naweka kengele ya kawaida ya saa ya simu. Hiyo haizimwi na kuokoa betri.

Mama Kasese

Niongeze la tahadhari. Kijana wangu alipakua programu iliyojiita ya ratiba, ikaomba kusoma majina yote ya kwenye simu, meseji, na mahali tulipo. Ratiba ina kazi gani na meseji zangu za mobile money? Tuliifuta. Inayohitaji zaidi ya intaneti na ruhusa ya kutoa arifa, mimi siiweki. Na zile zinazoahidi kukufungulia chaneli za kulipia bure, msiziguse kabisa.

Pia kwa vituo vyetu vya hapa nchini nimekata tamaa na programu. Nafasi nyingi zimeandikwa "hakuna taarifa". Si kosa la programu, kituo kisipotuma ratiba yake hakuna wa kuijaza.

Mwenye Kibanda, Busia

Kweli mama. Za ndani nazisikiliza kwa matangazo yao wenyewe.

Wakuu, sasa nawaza Kombe la Dunia, kuanzia tarehe 11 Juni 2026. Viwanja viko Marekani, Kanada na Mexico, na kila pwani ina saa yake. New York wako nyuma yetu saa saba, Mexico City saa tisa, Los Angeles saa kumi. Mechi moja saa nne usiku, nyingine alfajiri. Ubao wangu utakuwa na kazi.

Mkwe wa Mutukula (mwenye uzi)

Nimewasoma wote, asanteni. Nimefanya jaribio la Fundi na taarifa ya habari. Programu niliyokuwa nayo imesogea, nimeifuta. Mpya imekaa sawa na king'amuzi.

Jana nimempigia baba mkwe. Nimemwambia mechi ya ufunguzi Mexico ni saa saba mchana kwao, kwetu saa nne usiku, na nimehakikisha kwa njia mbili. Akauliza, "Una uhakika, mwanangu?" Nikamwambia ninao. Akasema atanisubiri. Nitashuka Mutukula siku moja kabla, na petroli nimeshaiwekea fedha pembeni.