Spika ya nyuma inakoroma

Asha: Shikamooni wakubwa. Jamani, spika ya nyuma ya gari inanitesa. Nikiweka wimbo wenye besi inakoroma zzzzz, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Wiki ya pili hii. Ninunue mpya?

Idi: Nunua tu dada. Ikishaanza kukoroma ujue imekufa.

Mjomba Salim: Marahaba Asha. Usinunue kitu. Mara nyingi spika ni nzima, kinacholia ni jirani yake. Ni kulia au kushoto?

Asha: Nasikia nyuma kote mjomba.

Mjomba Salim: Kwenye redio peleka sauti yote nyuma, halafu kulia peke yake, halafu kushoto. Wimbo uleule, sauti ileile.

Asha: Kulia! Kushoto safi kabisa.

Mjomba Salim: Haya. Sasa mtu akae mbele ashike redio, wewe kaa nyuma. Muziki ukilia, bonyeza kwa kiganja kimoja kimoja: wavu wa spika, ule ubao wa chini ya kioo, taa ya breki ya juu, vifungo vya mikanda. Ukigusa kitu kelele ikakata, umempata.

Mama Asha: Redio nashika mimi. Fanyeni upesi, masikio yananiuma.

Asha: Taa ya breki mjomba! Nikiishika kelele inapungua, nikiachia inarudi.

Mjomba Salim: Inapungua au inakata?

Asha: Inapungua.

Mjomba Salim: Basi wako zaidi ya mmoja. Hiyo taa itie kipande cha sponji pembeni, uendelee kutafuta.

Shangazi Rehema: Asha mwanangu, shika na pleti namba! Mimi nilibadilisha spika zote mbili bure, kumbe pleti ndiyo ilikuwa inapigapiga mlango wa buti. Inauma mpaka leo.

Asha: Pole shangazi. Yangu imekaza, nimeijaribu sasa hivi.

Asha: 📷 Nimeingia kwenye buti na tochi, naiona spika kwa chini. Matundu ya skrubu manne, skrubu ziko tatu. Na hiyo soketi ya waya inaning'inia, imekwangua rangi ya bati pale inapogonga.

Mjomba Salim: Umefanya kazi nzuri sana. Karatasi ya spika, ile koni inayotikisika, ikisukuma hewa mbele, fremu nayo inasukumwa nyuma. Ikilegea kona moja, inalipiga bati kila besi inaposhuka. Ifungue, weka mkanda wa sponji kuzunguka fremu, halafu rudisha skrubu zote nne. Kaza kwa mshazari, kidogo kidogo. Ukikaza kona moja sana fremu inapinda, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, inaanza kukwaruza, na hapo utakuwa umeiharibu kweli.

Idi: Na waya? Nimfungie na tepe nyeusi ya umeme?

Mjomba Salim: Hapana. Joto la juani linayeyusha gundi yake, tepe inateleza. Tumia tepe ya kitambaa, viringisha soketi yote, kisha ibane isining'inie.

Mjomba Salim: Asha, spika ikiwa mkononi, weka vidole pande mbili za katikati ya karatasi, isukume polepole, wima. Sikiliza.

Asha: Inaenda laini, kimya. Lakini ukingo wa mpira una ufa, kama urefu wa kucha ya kidole gumba.

Mjomba Salim: Kimya maana yake koili iko salama, hilo ndilo nililiogopa. Ufa huo unazibika. Tafuta gundi inayobaki laini ikikauka, pakaza nyembamba juu na chini. Ile inayokauka ngumu itapasuka tena na kupanua ufa. Iache mpaka kesho.

Idi: Mita ya umeme ninayo, niipime?

Mjomba Salim: Ipime ikiwa haijaunganishwa. Spika ya omu 4, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, kwa kawaida husoma kitu kama 3.2 hadi 3.8. Isiposoma kabisa, koili imekatika.

Idi: 3.5 mjomba.

Mjomba Salim: Nzima hiyo.

*Kesho yake*

Asha: Mjombaaa, imenyamaza! Nimesikiliza wimbo uleule mwanzo mpaka mwisho. Ila sauti ikiwa juu kabisa, besi nzito bado inaguguma.

Mjomba Salim: Spika ndogo hiyo, unaipa mzigo usio wake. Kama redio yako ina kichujio cha besi, iambie ikate chini ya hezi 80, yaani zile besi nzito kabisa, kwa spika za nyuma.

Asha: Ipo! Nimeweka. Imetulia.

Mama Asha: Nimekaa kiti cha nyuma, nasikia hata maneno ya wimbo. Ahsante kaka yangu.

Shangazi Rehema: Idi, Jumapili njoo na hiyo mita. Yangu ya kushoto imeanza tena.

Idi: Nakuja shangazi. Usinunue kitu kabla sijafika.